Kadi ya Dawa za Kifua Kikuu: Alama Hufuata Kumeza

Mgonjwa wa kifua kikuu anayemezea dawa nyumbani huchagua msimamizi, ambaye aghalabu ni mwenza wake, mzazi au jirani. Msimamizi hukabidhiwa kadi yenye visanduku, kimoja kwa kila siku ya tiba. Kazi yake ni kumwona mgonjwa akimeza dawa, kisha kuweka alama ya vema katika kisanduku cha siku hiyo. Ugumu wote umo katika neno hilo "kisha".

Wapo wanaojaza wiki nzima kwa siku moja. Wapo pia wanaojaza njiani, zahanati ikiwa imekaribia, kwa kuona haya kuonyesha nafasi zilizo wazi. Haya hiyo inaeleweka, lakini gharama yake humwangukia mgonjwa.

Tiba ya kawaida kwa mtu mzima huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza humezwa mchanganyiko wa dawa 4, na miezi 4 inayofuata hubaki dawa 2, yaani rifampisini na aisoniazidi. Mwishoni mwa mwezi wa 2 makohozi hupimwa tena. Vimelea vikionekana bado, mtoa huduma huitazama kadi. Yenye mapengo humweleza kwamba huenda dawa hazikumezwa ipasavyo. Iliyojaa humfanya ashuku kwamba vimelea vimekuwa sugu. Alama ya uongo humpeleka kwenye shaka isiyo yake, na sababu halisi, pengine njaa, kichefuchefu au safari, hubaki bila kutibiwa. Wakati huohuo, dawa inayomezwa kwa kurukaruka ndiyo hasa huzalisha usugu, ambao tiba yake ni nzito zaidi.

Utaratibu huu wa kumsimamia mgonjwa na kufuatilia tiba yake kwa maandishi ulikomazwa hapa nchini. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, ukisaidiwa na mtaalamu Karel Styblo, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza mfano huo katika mataifa mengine. Si jambo dogo kwa karatasi inayotundikwa ukutani karibu na chungu.

Kwa mazingira yetu, hatari kubwa huja na mvua za Desemba, familia zinapohamia mashamba ya mbali kulima mtama na uwele. Mgonjwa huenda, kadi ikabaki kijijini. Kadi isafiri pamoja na dawa, na msimamizi asipoweza kufuatana naye, ateuliwe mwingine kabla ya safari. Anayehama kwa muda mrefu aage zahanati mapema, ili apewe barua ya kuendelea na dawa huko aendako; anayekatiza tiba kwa miezi 2 mfululizo huandikwa kuwa ametoroka.

Siku ikipita bila dawa, kisanduku kiachwe wazi na kesho yake kimezwe kipimo cha kawaida, si maradufu. Vidonge vilivyosalia vipelekwe zahanati pamoja na kadi, kwani hesabu yake hulinganishwa na alama. Na kadi ikilowa mvua au kupotea, iombwe nyingine. Isijazwe upya kwa kukumbuka.