Wafuasi wengi si kipimo cha mtu

Agosti 8, 2024 jijini Paris, kijana wa miaka 21 kutoka Botswana, Letsile Tebogo, alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.46. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kushinda mbio hizo katika Olimpiki, wala nchi yake haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Kesho yake, Serikali ya Botswana iliwapa wananchi mapumziko ya nusu siku.

Noah Lyles wa Marekani alimaliza wa tatu. Hata hivyo, ukifungua simu yako utakuta huyo wa tatu ana wafuasi wengi mitandaoni kuliko aliyemshinda. Tebogo mwenyewe alisema hawezi kuwa sura ya riadha, kwa kuwa yeye si mtu wa makelele wala majivuno kama mwenzake.

Tusiharakishe kumhukumu Lyles. Siku ile alikimbia akiwa na Korona, akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Tena amekuwa akizungumza waziwazi juu ya ugonjwa wa sonona, jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu. Sauti nayo ni karama, ikitumika vema.

Shida ni sisi tunaohesabu. Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, alimwona Eliabu, akavutiwa na umbo na kimo chake. Mungu akamkataza, maana Yeye hutazama moyo. Aliyechaguliwa alikuwa yule mdogo aliyeachwa machungani na kondoo. Hata baba yake hakuona haja ya kumwita.

Ndugu yangu, mizani ya Eliabu imeingia hadi majumbani mwetu. Binti anafuta picha yake kwa sababu imepata laiki tatu, kisha analala akijiona hana thamani. Mwanakwaya anaimba akiitazama kamera kuliko altare. Na yule mama anayefagia kanisa kila Jumamosi, nani amemwambia asante?

Mama yake Tebogo alifariki Mei mwaka ule ule, miezi michache kabla ya Olimpiki. Mwanawe alikimbia akiwa na kiatu chenye tarehe ya kuzaliwa ya mama huyo. Umati uliona kijana mwenye mbio; Mungu aliona pia yatima aliyebeba msiba wake hadi kwenye mstari wa mwisho.

Wiki hii, kabla hujahesabu waliokupenda mtandaoni, tenda jema moja ambalo hutalipiga picha wala kulisimulia. Na kama yupo kijana nyumbani kwako anayejipima kwa simu, mwite, ukae naye, umwambie kwa kinywa chako kwamba anapendwa. Baba aonaye sirini hahitaji hesabu ya wafuasi ili amjue mwanawe.