Betri Mpya, Hitilafu Ileile

Gari likigoma kuwaka asubuhi mara mbili ndani ya wiki moja, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: betri imekufa, nunua nyingine. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hukumu hiyo imezoeleka kiasi kwamba anayeihoji huonekana mbishi. Naihoji kwa sababu betri nyingi zinazotupwa zimeuliwa na gari lenyewe, na mpya itakayofungwa kwenye gari hilohilo itauliwa vivyo hivyo. Kilichoporomoka mbele ya macho yetu ni utaratibu wa kupima.

Betri ya risasi na asidi imetokana na kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika sana. Ndani ya betri ya gari mna seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Zamani kila seli ilikuwa na kifuniko chake. Fundi wa kuchaji betri, ambaye alipokea pia betri za redio na televisheni kutoka vijiji visivyo na umeme, alifungua kifuniko kimoja baada ya kingine na kuzamisha haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Seli iliyojaa husoma 1.265 hivi. Tano zikisoma 1.250 na moja ikasoma 1.150, seli hiyo ni mbovu na betri haina maisha. Zote sita zikiwa chini sawasawa, betri huenda haina kosa: ama haichajiwi vya kutosha, ama kuna kitu kinainyonya. Kwa kipimo hicho kimoja fundi alijua pa kuanzia.

Betri zilizozibwa zimetuondolea usumbufu wa kuongeza maji, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini zimemziba fundi macho. Hata pale vifuniko vilipobaki, wapo wanaoongeza asidi kwenye betri dhaifu badala ya maji yaliyokenekwa. Haidromita itapanda na mteja atafurahi, ilhali kilichopungua ndani kilikuwa maji tu, na asidi iliyozidi inakula sahani za risasi.

Imebaki mita ya kupimia volti, ambayo haigharimu sana ukilinganisha na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni tupu au karibu na tupu. Injini ikinguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma pungufu, tazama mkanda, altaneta na waya wa ethi. Ikipita 15, altaneta inaichemsha betri. Wengine hupima altaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za dinamo. Kwenye gari lenye kompyuta, mruko wa volti unaotokea hapo unaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa kuliko betri yenyewe.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa. Gari zima kwa kawaida halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 likilala. Magari yetu mengi ya mtumba kutoka Japani yamefungiwa king'ora, redio kubwa na kifaa cha kufuatilia gari, kila kimoja na fundi wake, waya ukiunganishwa palipopatikana umeme na kufungwa kwa utepe. Chukua mvuto wa miliampea 300 tu. Kwa siku ni ampea-saa 7.2, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni 18. Betri ndogo ya ampea-saa 35 imepoteza zaidi ya nusu, na safari fupi ya foleni, kiyoyozi na taa vikiwa vimewashwa, hairudishi kilichopotea.

Kuutafuta mvuto huo kunahitaji utulivu. Mita hupangwa mfululizo kwenye waya hasi, upande wa ampea 10, milango ikafungwa, na gari likaachwa nusu saa au zaidi hadi kompyuta zake zilale. Injini isiwashwe mita ikiwa hapo. Kisha fyuzi huchomolewa moja moja hadi namba ishuke. Zikiisha bila namba kushuka, inakaguliwa altaneta, kwani diodi mbovu ndani yake hunyonya betri usiku kucha.

Kinachonisikitisha ni kwamba ushahidi hujifuta wenyewe. Betri inayolala tupu mara kwa mara hujijengea fuwele ngumu za salfeti ya risasi kwenye sahani zake, na joto la pwani huharakisha uchakavu wake. Baada ya miezi michache ya kubustiwa, betri hiyo imekufa kweli. Aliyesema inunuliwe mpya anaonekana alisema sahihi, na chanzo kinabaki palepale kikisubiri betri inayofuata. Mpya, kwa kuwa ina nguvu, huficha tatizo kwa muda, na tatizo likirudi lawama huenda kwa muuza betri.

Sioni haki kumtupia fundi mzigo wote. Mteja hulipa kwa moyo mweupe kitu anachokiona kikifungwa. Mwambie alipie saa mbili za kuchomoa fyuzi, ataona anaibiwa. Fundi anayeishi kwa faida ya spea hana sababu ya kuweka mita. Kijana anayejifunza chini yake hajifunzi kupima, kwa sababu hajawahi kuona mtu akipima.

Gharama haiishii mfukoni mwa mwenye gari. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na betri iliyokufa huuzwa kwenda kuyeyushwa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini, watoto wakiwemo, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Gari linaloua betri tatu katika muda ambao lingetumia moja hupeleka kwenye matanuri risasi mara tatu ya iliyohitajika, na matanuri hayo yana majirani.