Hesabu ya Kutafuta Mvulana

Chukua familia 100 zinazoanza kuzaa Masaka, mashariki mwa jiji la Kigali, na zote zimeweka nadhiri moja: tutazaa mpaka apatikane mvulana, akipatikana tunafunga. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme nafasi ni nusu kwa nusu. Familia 50 zinapata mvulana katika uzazi wa kwanza na kuacha. Zilizobaki zinarudi tena. 25 zinafanikiwa, 25 zina wasichana wawili na zinajaribu mara ya tatu. Ukijumlisha mwishoni, wavulana na wasichana wanakaribiana kwa idadi. Hakuna aliyemdhuru binti. Lakini tazama nani ameketi wapi: kila mvulana ni kitindamimba, na kila msichana ana mdogo aliyemfuata, pengine wawili, pengine wanne.

Madhara yamejificha hapo. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, mwili wa mama huchelewa kupevusha yai. Mama mwenye haraka ya kubeba mimba nyingine huachisha ziwa mapema. Mwaka 2011 wachumi Seema Jayachandran na Ilyana Kuziemko walionyesha kwamba India mabinti hunyonyeshwa muda mfupi kuliko ndugu zao wa kiume, hasa pale wazazi wanapokuwa bado wanatafuta mvulana. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo angesemwa amebemendwa, yaani amedhoofu kwa sababu wazazi walirudiana mapema akiwa bado ananyonya, na lawama ingewaangukia wazazi kwa kukosa subira. Maelezo ya kubemenda siyaungi mkono, ila walioyatunga walikuwa na macho: mimba zinazofuatana upesi humpunja aliyetangulia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Jayachandran alirudi mwaka 2017, safari hii na Rohini Pande, akiuliza kwa nini watoto wa India ni wafupi kuliko wa Afrika kusini mwa Sahara ilhali India ni tajiri zaidi. Waligundua kwamba pengo linaanza kwa mtoto wa pili na kupanuka kadiri mama anavyozidi kuzaa, wakalihusisha na upendeleo kwa mwana wa kwanza wa kiume. Rwanda yenyewe haina la kujivunia kuhusu urefu: utafiti wa kitaifa wa 2019-20 ulikuta asilimia 33 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ila wavulana ndio waliodumaa zaidi, kama ilivyo sehemu kubwa ya bara hili. Binti wa Masaka, basi, hanyimwi sahani kwa sababu ni binti. Kinachoweza kumpunja ni foleni iliyo nyuma yake.

Sasa weka amri ya serikali. Lazimisha familia zilezile ziishie watoto wawili, na 25 zitabaki bila mvulana. Zitafanya nini? China ilitoa jibu. Chini ya sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, vijiji vingi viliruhusiwa mtoto wa pili endapo wa kwanza ni msichana. Takwimu za 2005 zilionyesha wavulana 108 kwa kila wasichana 100 miongoni mwa wazaliwa wa kwanza. Kwa wazaliwa wa pili, 143. Kiwango cha asili ni kama 105. Ultrasound ilikuwa imefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na uzazi wa kurudiarudia. Na kuna waliozaliwa wakafichwa: serikali ilikiri kuwa watu wapatao milioni 13 hawakuwa na usajili wa ukaazi, wengi wao kwa sababu wazazi walivuka idadi. Shule na matibabu viliwapita.

Korea Kusini ilifika wavulana 116 na zaidi mwaka 1990 bila sheria yoyote ya kuweka kikomo. Familia ndogo, kipimo cha ultrasound na hamu ya mwana vilitosha.

Rwanda nayo iliwahi kukaribia kuweka kikomo cha watoto. Ofisi ya taifa ya idadi ya watu, ONAPO, iliundwa 1981, wakati mwanamke alizaa wastani wa watoto zaidi ya wanane. Mwaka 2007 viongozi walijadili kikomo cha watoto watatu; hakikuwa sheria. Uzazi ulishuka hata hivyo, kutoka 6.1 mwaka 2005 hadi 4.1 mwaka 2019-20, kwa sindano, vipandikizi na wahudumu wa afya wa kila kijiji. Ninaloliona kubwa zaidi lilitangulia mjadala huo na kushuka huko: sheria ya Novemba 1999 iliyowapa mabinti haki sawa ya urithi, pamoja na umunani, fungu la ardhi ambalo awali baba alimkatia mwana anayeoa. Mali iliguswa kabla familia hazijawa ndogo na kabla ultrasound haijazoeleka. Korea ilifuta mfumo wa ukuu wa mwanamume katika familia mwaka 2008, baada ya kizazi kizima kuzaliwa kimepinda.

Kinga ya Rwanda bado inavuja. Sheria ile ilizungumzia watoto halali, na ndoa zilizosajiliwa. Wenzi wengi wanaishi pamoja bila cheti. Na Masaka, ambako mashamba yanageuka viwanja huku jiji likisogea, dada anayedai fungu lake huombwa na wazee amwachie kaka.