Italia kwa Pesa za Kuhesabu: Lipa Hapa, Kataa Pale

Ukitua Fiumicino, uwanja mkubwa wa ndege wa Roma, uamuzi wa kwanza wa pesa unakukuta kabla hujatoka nje ya jengo. Kuna treni ya moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Termini: dakika 32, euro 14 kwa mtu. Kuna treni ya kawaida ya euro 8, ambayo haifiki Termini kabisa. Hupitia Trastevere na Ostiense kuelekea Tiburtina. Kuna basi, takribani nusu ya bei ya treni ya moja kwa moja, mwendo wa saa nzima au zaidi barabara ikijaa. Na kuna teksi nyeupe zenye leseni ya mji, ambazo kutoka uwanjani hadi ndani ya kuta za kale za Roma hutoza euro 55 kwa gari zima, mizigo ikiwemo.

Piga hesabu kwa idadi ya vichwa. Mkiwa wanne, treni ya moja kwa moja ni euro 56, na teksi ya 55 inawashusha mlangoni. Hapo hakuna mjadala. Ukiwa peke yako, panda treni ya euro 8, shuka Ostiense, ingia metro kwa tiketi ya euro 1.50 inayodumu dakika 100. Jumla euro 9.50. Wawili wenye mabegi mazito na hoteli karibu na Termini wapande basi. Treni ya euro 14 inamfaa mtu mwenye haraka aliyefikia jirani na Termini, basi. Wapiga debe wanaokuandama ukumbini wakinong'ona habari za teksi waache waendelee kunong'ona: gari lao si jeupe na bei yao si 55. Ila kumbuka, hoteli ikiwa nje ya zile kuta, hata teksi halali inaweza kukuzidishia. Uliza kabla ya kupakia begi.

Ndivyo Italia ilivyo kwa mgeni. Kitu kilekile kina bei tatu, na mara nyingi tofauti haitokani na ubora bali na mahali ulipokaa na siku uliyonunua.

Pesa nyingi huvuja kabla hata ya safari. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Juu yake kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake ya huduma, kisha huanza kukuuzia vikorombwezo: ujumbe wa simu, chumba cha wageni maalumu, kuletewa pasi nyumbani. Hakuna hata kimoja kinachoongeza nafasi ya kupewa viza. Kataa vyote, isipokuwa kuletewa pasi kama unaishi mbali na nauli ya kuifuata ni kubwa kuliko ada. Bima ya safari ni lazima, na sharti ni ifidie angalau euro 30,000 za matibabu. Nunua ya bei ndogo inayotimiza sharti hilo na tarehe zako zote. Ya kifahari yenye kufidia begi lililochelewa si ya mtu anayehesabu senti.

Kosa la gharama hapa ni kununua tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Weka nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bure, na ulipe ndege jibu likishapatikana, hata kama bei itakuwa imepanda kidogo. Na kama unakwenda Roma na Venezia, omba bei ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi palepale, na unaokoa nauli ya treni pamoja na siku nzima ya kurudi nyuma.

Shilingi usizigeuze dola kisha dola ziwe euro. Kila mgeuzo una mkato wake. Tafuta duka la fedha linalouza euro moja kwa moja, beba kiasi cha siku mbili tatu, nyingine iwe kwenye kadi. Ukifika huko, mashine ya kutolea pesa au ya dukani itakuuliza kama unataka kukatwa kwa euro au kwa sarafu ya nyumbani. Swali linaonekana la upole. Chagua euro kila mara, kwa sababu hiyo sarafu ya nyumbani huja na kiwango walichokipanga wao. Tumia mashine iliyo ukutani mwa benki. Zile za rangi kali zilizopachikwa kwenye vijiduka vya kumbukumbu na mitaa ya watalii hupenda kutoza ada juu ya ada.

Kati ya Roma, Firenze na Venezia una treni za kasi, treni za mikoa na mabasi ya masafa. Kwenye njia za kasi zinashindana kampuni mbili tangu 2012, na ushindani huo ni faida yako: tazama bei za zote mbili kwa siku hiyohiyo. Anayenunua wiki kadhaa mapema hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa wa asubuhi ya safari. Ubaya wake ni kwamba tiketi ya bei ya chini kabisa haibadilishwi wala hairudishwi. Ndege ikichelewa, imekula kwako. Basi usiinunulie siku unayotua. Siku hiyo weka treni ya mkoa au ulale Roma.

Treni ya mkoa bei yake haipandi, uinunue leo au dakika kumi kabla ya kuondoka. Roma hadi Firenze itakuchukua karibu saa nne badala ya saa moja na nusu. Hadi Venezia kwa treni za mikoa ni kutwa nzima ya kubadilisha mabehewa, na sikushauri. Hapo ama treni ya kasi iliyonunuliwa mapema, ya takribani saa nne, ama basi la usiku, linalookoa pia gharama ya kitanda kama mgongo wako unaridhia. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyo stesheni kabla ya kupanda, na ya kwenye simu uithibitishe. Usipofanya hivyo unahesabiwa kama hukulipa, na faini huishinda nauli mbali sana.

Sasa chakula, ambapo wageni wengi hukamuliwa bila kujua. Kahawa ukiinywa wima kwenye kaunta ni kama euro moja na senti. Ukikaa mezani hiyohiyo inaweza kufika mara mbili, mara tatu, na kwenye uwanja wa San Marco wa Venezia kuna mikahawa inayoongeza hata ada ya wapiga muziki, uwasikilize usiwasikilize. Si utapeli, bei imeandikwa. Isome kabla ya kuvuta kiti.

Kwenye bili ya mgahawa tafuta neno coperto, ada ya kukaa mezani, kwa kawaida euro 1.50 hadi 3 kwa kila mtu. Roma iko katika mkoa ambao sheria yake inakataza ada hiyo, kwa hiyo huko utaikuta imejificha kama pane, yaani mkate. Mkate unaweza kuukataa: uurudishe unapoletwa tu, kabla mtoto hajaumega. Ukiona servizio, hiyo ni huduma, na ukishakatwa huna deni la bakshishi kwa mtu. Hatari kubwa zaidi ni samaki. Bei ya samaki mzima mara nyingi huandikwa kwa etto, yaani gramu 100. Euro 7 inayokupendeza kwenye karatasi inageuka 56 kwa samaki wa gramu 800. Wapimishe mbele yako au agiza tambi.

Mchana kula piza ya kukatwa, inayouzwa kwa uzito. Onyesha kwa mkono ukubwa unaotaka, vinginevyo muuzaji atakata kwa mkono wake. Maji usinunue. Roma ina mabomba ya mtaani yapatayo 2,500 yanayotiririsha maji safi ya kunywa bure. Beba chupa tupu.

Kwenye malazi, bei unayoiona mtandaoni haina kodi ya mji, ambayo hulipwa hotelini kwa kila mtu kwa kila usiku. Roma huanzia euro chache kwenye hosteli, ni 6 kwa hoteli ya nyota tatu, na 10 kwa nyota tano. Watu wawili, usiku nne, nyota tatu: euro 48 ambazo hukuzipanga. Nyumba za kupanga kwa siku huongeza ada ya usafi, na hiyo ni ileile ukilala usiku mmoja au saba. Kwa hiyo ni nafuu kwa familia inayokaa wiki, hasara kwa mpita njia. Chaguo ninalolipenda ni nyumba za wageni za watawa. Ziko nyingi Roma, ni safi, ziko pazuri, na bei yake mara nyingi ni ya chini kuliko hoteli jirani. Baadhi hufunga mlango usiku mapema, na wasiotaka kuambiwa saa ya kulala waende hosteli.

Venezia, lala Mestre. Ni bara, treni hufika kisiwani kwa dakika kumi hivi kwa nauli isiyofika euro 2, na begi lako halipandi ngazi za madaraja. Faida ya pili wengi hawaijui: Mestre iko ndani ya manispaa ya Venezia. Mji huo ulianza mwaka 2024 kutoza ada ya kuingia kwa wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo, katika siku teule za msimu wa wageni, na mwaka 2025 ilikuwa euro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Anayelala Mestre ameshalipa kodi ya malazi, hivyo hatozwi, ila ajiandikishe mtandaoni apate msimbo wa msamaha.

Ndani ya Venezia, tiketi moja ya boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75. Kama utapanda mara tatu, pasi ya siku ya euro 25 ni bora. Kama hutapanda, tembea, maana stesheni hadi San Marco ni nusu saa na kidogo kwa miguu. Gondola ni euro 90 kwa nusu saa mchana na 110 usiku, kwa chombo kizima, hivyo jikusanyeni watano. Anayetaka kuonja tu avuke Mfereji Mkuu kwa ile gondola ya kivuko, euro 2, dakika mbili tatu.

Ukinunua viatu au nguo za zaidi ya euro 70 duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi, na uwe na pasi mkononi. Kodi ya mauzo ni asilimia 22, lakini wakala hukata chake na utakachopata ni pungufu ya hapo. Abiria wengi wa Afrika Mashariki huunganisha Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa, kwa hiyo forodha yao ni ya Italia: ipitie kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu ofisa ana haki ya kutaka kuviona viatu vyenyewe, na akivitaka baada ya begi kuondoka hakuna atakayekurudishia kodi. Mkoba bandia wa mtaani usiuguse. Italia humtoza faini mnunuzi pia, hadi euro 7,000.