Fahamu: Kisanduku kipi cha runinga kinafaa nyumba ya Pwani?

Julai 2025, Google ilifungua kesi Marekani kuhusu Badbox 2.0, mtandao wa wahalifu uliokuwa umeteka zaidi ya vifaa milioni 10, vikiwemo visanduku vya bei rahisi vya kuunganisha runinga na intaneti. Vingine hutoka kiwandani tayari vina virusi. Kwa hiyo, ukiwa Malindi au Kilifi, ukionyeshwa kisanduku kisicho na jina kinachoahidi mpira na filamu bila malipo, kiache. Kikikutaka uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Hata picha yenyewe hukupunja: kisanduku kisichoidhinishwa na Netflix huweza kukuonyesha ukungu ingawa boksi limeandikwa 4K.

Halafu pima intaneti yako. Netflix hupendekeza Mbps 15 kwa 4K na 5 kwa HD kamili. Kwa anayetumia bando la simu, saa moja ya 4K inaweza kumeza GB 7. HD inatosha kabisa.

Tena usiweke kisanduku karibu na dirisha la upande wa bahari. Hewa ya chumvi hula pini za HDMI mpaka zikaota kutu ya kijani.