Pima Kwanza, Ndipo Uache Chapati

Kanda unga wa ngano kama wa chapati, uache utulie, kisha ulifinyefinye donge hilo ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe kama tui. Ni wanga unaotoka. Badilisha maji mpaka yabaki safi, na mkononi utakuwa na kitu cha kijivu, kinanata, kinavutika bila kukatika. Hiyo ni gluteni, protini ya ngano. Ndiyo inayofanya chapati isukumike ikawa nyembamba bila kuchanika. Sembe haina kitu hicho, na mwenye shaka ajaribu kusukuma chapati ya sembe aone.

Wengi wetu gluteni haitudhuru. Lakini takriban mtu 1 katika kila 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki: akila gluteni, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Huu si mzio wa kawaida, wala si tumbo kukataa chakula fulani tu.

Kumjua mhalifu kulichukua muda mrefu. Mwaka 1888, Samuel Gee, daktari wa London, aliandika kuhusu watoto waliokonda huku matumbo yamefura, wakipata choo kingi, cheupe na chenye harufu kali. Alisema kama watapona, watapona kwa chakula. Chakula gani, hakujua. Mwaka 1924, Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto kama hao ndizi na kuwakataza mkate na nafaka. Walipata nafuu, na ndizi ikavishwa taji. Kumbe sifa haikuwa ya kilichokuwa kwenye sahani, ilikuwa ya kilichoondolewa.

Aliyeibana ngano mpaka ikapatikana na hatia ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi mwa nchi hiyo. Mkate ukaadimika, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Husimuliwa kwamba njaa ile ndiyo iliyomfungua macho Dicke. Naona masimulizi hayo yanampunja, kwa sababu alikuwa ameanza kuwanyima wagonjwa wake mkate tangu miaka ya 1930. Kazi yake kubwa ilikuwa ya subira zaidi: kumtoa mtoto kwenye ngano, kumrudishia, kumtoa tena, huku mwenzake van de Kamer akipima mafuta yaliyopotelea chooni. Ngano ikirudi, mafuta yanapanda. Wakila wali au mahindi, yanashuka. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950.

Sayansi ya baadaye ilieleza yanayotokea ndani. Vimeng'enya vya tumbo havimalizi kuisaga gluteni, hubaki vipande virefu. Kimeng'enya kingine cha mwilini, transglutaminezi, huvibadilisha kidogo vipande hivyo, na kwa mtu aliyerithi jeni za DQ2 au DQ8, chembe za kinga huviona kuwa ni adui. Vita vikianza, vinyweleo laini vinavyofunika ukuta wa utumbo mwembamba hulala na kuisha. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula, kwa hiyo mtu anaweza kula akashiba na mwili ukabaki na njaa. Kuwa na jeni pekee hakutoshi kuugua. Wengi wanazo na hawaugui kamwe.

Picha ya Gee, ya mtoto aliyekonda mwenye kuharisha, imewapoteza wengi. Mtu mzima anaweza kuwa mnene, asiharishe hata siku moja, ila damu yake inapungua kila mara: anapewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda, miezi michache baadaye imeshuka tena. Mwingine anavunjika mifupa kirahisi, au anatoka vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, au mimba zinaharibika. Na huku kwetu, anayelalamikia tumbo huambiwa minyoo, amiba, taifodi au vidonda vya tumbo, na mara nyingi ni kweli. Wapo wanaouita ugonjwa wa Wazungu. Hao waulize kuhusu Wasahrawi wa Sahara Magharibi: watoto wao walipopimwa miaka ya 1990, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Hutafutwa kingamwili za aina ya IgA dhidi ya transglutaminezi, na hupimwa pia jumla ya IgA, maana wapo wasioitengeneza kabisa na majibu yao yatadanganya. Damu ikionyesha dalili, daktari hupitisha kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na kunyofoa vipande vidogo vya kuangaliwa kwa hadubini. Baadhi ya watoto wenye kingamwili nyingi mno husamehewa hatua hiyo.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anasikia habari za gluteni, anaacha mkate, anajisikia vizuri, halafu baada ya miezi anaenda kupima. Kingamwili zimeshuka, utumbo umeanza kupona, majibu yanasema hana kitu. Vipimo hivi vinahitaji ngano ndani ya mwili, kama Dicke alivyohitaji kuirudisha ndipo aamini. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki zisizopungua 6, kabla ya kupimwa.

Ukithibitika, dawa ni chakula, maisha yote. Ngano, na ndugu zake shayiri na rai, vyote nje. Anayekula ugali, wali, muhogo, ndizi, mtama na ulezi ana nafuu kuliko Mholanzi wa mkate asubuhi na jioni. Shida ni pale ngano inapojificha: urojo uliokolezwa kwa unga wake, uji wa lishe wenye mchanganyiko usiojulikana, vitumbua alivyoongezea mpishi unga kidogo vishikane, chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa, bia ya shayiri. Ulezi wako ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, umeshachafuka. Chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni, kwa kipimo cha kimataifa, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kilo. Ndivyo kiasi kinachodhuru kilivyo kidogo.

Nafuu ya tumbo huweza kuja ndani ya wiki chache, ila utumbo wa mtu mzima huchukua mwaka na zaidi kurudi sawa, hivyo damu hupimwa tena na tena. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe hata wasipoumwa chochote, kwani takriban 1 katika kila 10 kati yao huwa nao ugonjwa huu. Na wapimwe wakiwa bado wanakula mkate.