Tundu la chaja liwe moja, na sheria iseme hivyo

Mwananchi anayenunua redio, pasi au jokofu humu nchini hana haja ya kumuuliza muuzaji iwapo kifaa hicho kitaingia katika soketi ya ukutani mwake. Plagi ya miguu mitatu, ambayo Uingereza iliiwekea kanuni mwaka 1947, ndiyo itumikayo kutoka Mombasa hadi Busia, na ukivuka mpaka kuingia Uganda au Tanzania utaikuta vilevile. Kwa miongo mingi tumenufaika na utaratibu huo bila ya kuushukuru, kwa maana jambo likienda sawa ni nadra kutambuliwa.

Simu za mkono hazikujaliwa bahati hiyo. Kila kampuni ilikuja na pini yake. Wenye Nokia walianza na pini nene, kisha wakaletewa nyembamba, ilhali wenye simu za kampuni nyingine walikuwa na vichwa bapa visivyoingiliana hata kidogo. Kufikia mwaka 2009, katika Umoja wa Ulaya pekee kulihesabiwa takriban aina 30 za chaja. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe, msomaji mpenzi, ni mimi na wewe tuliojaza mitoba ya nyaya zisizofaa kitu.

Yupo atakayesema kwamba hili ni jambo dogo. Kwangu mimi si dogo hata chembe. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi mwaka 2007, simu humu nchini imekuwa mkoba na benki. Ikizimika, mwenyewe hawezi kulipa nauli, hawezi kununua tokeni za stima wala kupokea alichotumiwa na mwanawe aliye mjini. Katika vijiji ambavyo nyaya za umeme hazijafika, watu hupeleka simu zao sokoni kwenye vibanda vyenye paneli za jua, wakamlipa mwenye kibanda shilingi kadhaa. Nimewaona wenye vibanda hivyo wakining'iniza nyaya za kila sampuli mfano wa shanga, na bado nimemwona ajuza akirudi kwake na simu iliyozimika kwa kuwa pini ya simu yake haikuwamo katika shanga hizo. Alikuwa ametembea mwendo mrefu kuja, na alirudi mwendo uo huo. Bandu bandu huisha gogo, na shilingi za maskini huisha kwa safari kama hizo.

Ulaya ilijaribu kwanza kubembeleza. Mwaka huo wa 2009 kampuni kadhaa zilikubali kwa hiari kutumia tundu la micro-USB. Aina zikapungua sana, lakini hiari ina mipaka yake. Mwaka 2012 Apple ilileta pini yake iitwayo Lightning, na aliyetaka kutumia chaja ya wenzake akalazimika kununua kiunganishi. Hatimaye, tarehe 4 Oktoba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha sheria kwa kura 602 dhidi ya 13 kwamba simu, vishikwambi, kamera na vifaa vingine vidogo vitumie tundu la USB-C. Sheria ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, na tarakilishi za kupakata zikapangiwa tarehe 28 Aprili 2026. Apple yenyewe, ambayo ilikuwa imelipinga wazo hilo, iliweka tundu la USB-C katika iPhone 15 mwezi Septemba 2023. Saudi Arabia nayo iliweka sharti kama hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2025.

Wapinzani walidai kwamba sheria ya namna hiyo huua ubunifu. Hoja hiyo sikubaliani nayo. Plagi ya miguu mitatu haikuzuia televisheni kutoka kwenye masanduku mazito na kuwa nyembamba kama kioo. Isitoshe, tundu hilo la USB-C liliongezewa uwezo mwaka 2021 hata likaweza kupitisha wati 240, pasi na kubadilishwa umbo lake.

Kuna pia waulizao: iwapo Ulaya imekwisha kuamua, sisi tujisumbue kwa nini? Nachelea kwamba bidhaa zisizokubalika kwingine zitatafuta soko mahali pasipo na katazo. Simu za bei nafuu zenye tundu la micro-USB zingali zinauzwa madukani mwetu, na wanaozinunua ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kununua waya wa pili.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba tundu moja latosha. Waya mbili za USB-C zaweza kufanana kama pacha, kumbe moja hupitisha wati 60 na nyingine wati 240. Vipo pia vifaa rahisi ambavyo watengenezaji wake waliacha kutia vizuizi vidogo vya umeme vinavyohitajika ndani ya tundu. Vifaa hivyo hukataa katakata waya yenye kichwa cha USB-C pande zote mbili, vikakubali tu ile yenye kichwa bapa cha zamani upande wa chaja. Mnunuzi hubaki kudhani kwamba chaja imeharibika. Kwa sababu hiyo, Shirika la Ubora wa Bidhaa halina budi kukagua chaja na nyaya zinazoingia nchini, na uwezo wa kila waya uandikwe juu yake kwa lugha inayosomeka.

Sipendekezi mtu yeyote anyang'anywe mulika mwizi wake. Simu zilizo mikononi mwa watu zitumike hadi zichoke. Waagizaji wapewe muda, tuseme miaka miwili, wamalize shehena walizo nazo. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River mwezi Oktoba 2023 kingeweza kuonyesha njia. Aidha, jambo hili lijadiliwe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa simu inayokatazwa Nairobi itapita Namanga au Busia mfukoni mwa msafiri.

Faida haitakuwa ya mfuko peke yake. Tume ya Ulaya ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa au kulala bure katika nchi zake hufikia tani 11,000 kila mwaka. Sisi tayari tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayowabebesha watengenezaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kutupwa. Itakuwa ajabu kuwadai watengenezaji gharama ya taka ilhali tunawaruhusu waendelee kuizalisha pasipo sababu.

Wabunge wetu hupenda kutukumbusha kwamba wao ni sauti ya mwananchi wa kawaida. Basi na wauchukue mswada huu, ambao hauhitaji mabilioni wala tume ya uchunguzi, ili ajuza yule afikapo sokoni asirudi nyumbani na simu iliyozimika.